Prado mpya ya dizeli kwa njia za Sikonge na Kaliua: nipange kilomita ngapi kwa lita?

Mama Asali, Tabora mjini

Ndugu wanajukwaa, habari za kazi. Ninanunua asali na nta kutoka kwa wafugaji nyuki wa Sikonge, Urambo na Kaliua, na kwa miaka tisa kazi hiyo nimeifanya kwa Land Cruiser mkonga ya zamani yenye injini ya 1HZ, ile ya lita 4.2 isiyo na turbo, ambayo tabia yake ya kunywa mafuta ninaijua kama ninavyoijua mizani yangu. Gari hilo sasa limechoka. Mimi na wadogo zangu wawili tumekubaliana kuagiza Prado mpya kutoka Japani, toleo la 250 lililotangazwa Agosti 2023, yenye injini ya dizeli ya lita 2.8 na gia 8 za otomatiki.

Bei ya gari tumeshaielewa. Kinachoninyima usingizi ni bajeti ya mafuta. Karatasi ya Japani inaonyesha kilomita 11.0 kwa lita moja. Aliyetutafutia gari Dar es Salaam anasema kwamba tukiendesha kwa utulivu tutafika 13. Shemeji yangu, ambaye ameendesha Prado za toleo lililotangulia, ameniambia nisitegemee zaidi ya 7. Kati ya 13 na 7 kuna pengo ambalo kwa mwezi mmoja linaweza kumeza faida ya ndoo kadhaa, na mimi ndiye niliyepewa jukumu la kuandika namba kwenye makubaliano yetu kabla hatujalipa hata shilingi moja.

Njia zangu ni hizi. Kutoka Tabora hadi Sikonge ni lami, kama kilomita 70. Kutoka Sikonge kuelekea Kitunda ni vumbi, na mvua zikianza Novemba zile mbuga za udongo mweusi hugeuka tope linalovuta tairi kama uji mzito unavyovuta mwiko. Upande wa magharibi ninakwenda Urambo na Kaliua kwa lami, kisha ninaingia vijijini na wakati mwingine ninafika Ulyankulu. Wakati wa kurudi ninabeba ndoo 15 za lita 20. Ndoo moja ikijaa asali ina kilo 28 hivi, kwa kuwa asali ni nzito kuliko maji, kwa hiyo mzigo ni kilo 420 bila kutuhesabu mimi, dereva na karani.

Ninaomba wenye uzoefu wanisaidie: nipange kilomita ngapi kwa lita katika mwezi wa kiangazi na katika mwezi wa mvua, na ni jambo gani litakaloibadilisha namba hiyo kuliko mengine?

Dereva wa Malagarasi

Shikamoo mama. Mimi ni dereva wa mradi mmoja wa maji, na kazi yangu ni kati ya Kigoma na Tabora kupitia Uvinza na Kaliua. Gari nililokabidhiwa ni Prado ya toleo la 150 yenye injini hiyohiyo ya lita 2.8, ambayo iliingia kwenye Prado mwaka 2015, isipokuwa yangu ina gia 6. Gari lako litakuwa na gia mbili zaidi, lakini pia ni pana na zito zaidi, kwa hiyo sidhani kama namba zetu zitapishana sana.

Kila ninapojaza mafuta ninaandika kwenye daftari, kwa sababu ofisini kwetu dereva asiyeandika hukatwa posho. Daftari langu linasema hivi: kwenye lami, nikishikilia kilomita 80 hadi 90 kwa saa, ninapata kilomita 11 na zaidi kidogo kwa lita. Nikisukumwa na haraka za wakubwa hadi 110 au 120, sivuki 9. Kwenye vumbi kavu lenye mawimbi kama bati ninapata kati ya 8 na 9. Kwenye tope la mvua ninapata 5, siku nyingine 6, na siku moja mbaya nilipata 4.5.

Naomba nikueleze jambo ambalo mimi mwenyewe lilinichukua muda mrefu kulielewa. Kwenye njia mbovu gari halili kwa kilomita, hula kwa saa. Ninapotambaa kwa kilomita 15 kwa saa katika tope, injini yangu hutumia kama lita 3 kwa saa. Nikitoka hapo na kupanda lami kwa kilomita 85 kwa saa, injini hutumia kama lita 7.5 kwa saa, yaani zaidi ya mara mbili, lakini ndani ya saa hiyo nimekwishakwenda kilomita 85, wakati kule kwenye tope nimekwenda 15 tu. Hesabu hizo mbili zikigawanywa zinakupa kilomita 11 na zaidi upande mmoja na kilomita 5 upande wa pili, ingawa ni gari lilelile, mafuta yaleyale na mguu uleule.

Ninakumbuka siku ambayo lori la tumbaku lilikwama na kuziba njia yote ndani ya mbuga, upande wa vijijini Kaliua. Tulisimama hapo tangu saa nne asubuhi hadi saa tisa alasiri. Nilikuwa na wageni wawili wasioweza kuvumilia joto, kwa hiyo injini haikuzimwa ili kiyoyozi kiendelee. Kipimo cha safari kilikuwa kimeganda kwenye kilomita 212, huku sindano ya mafuta ikishuka taratibu upana wa ukucha. Jioni nilipojaza niliona kwamba lita kama 5 zilikuwa zimeondoka bila gari kusogea hata hatua moja. Siku kama hiyo haimo katika karatasi yoyote ya Japani, na huku kwetu kila msimu wa mvua una siku zake za namna hiyo.

Kwa mzigo wako na njia zako, mimi ningeandika 8.5 kwa kiangazi na 6 kwa mvua, na ningelala bila wasiwasi.

Mwalimu wa Fizikia, Kasulu

Ndugu Dereva ameeleza vizuri sana, na jambo lake la saa na kilomita nitalichukua darasani. Mimi ningependa kueleza hiyo 11.0 inatoka wapi, kwa sababu watu wengi huona kwamba ama ni uongo ama ni ahadi, na yote mawili si sahihi.

Namba hiyo ni matokeo ya kipimo kinachoitwa WLTC, ambacho Japani ilikianzisha kuchukua nafasi ya kipimo chake cha awali cha JC08. Gari hupandishwa juu ya rola ndani ya jengo, kisha huendeshwa kwa kufuata ratiba ya mwendo iliyopangwa sekunde kwa sekunde: sehemu ya mjini yenye kusimama na kuondoka, sehemu ya pembezoni mwa mji, na sehemu ya barabara kuu. Ulaya kipimo hicho kina sehemu ya nne ya mwendo wa kasi sana inayofika kilomita 131 kwa saa, lakini Japani haikuichukua. Katika ratiba hiyo hakuna tope, hakuna mchanga wala ndoo za asali. Kusudi la kipimo ni kuyaweka magari yote kwenye mizani moja ili yalinganishwe, na kwa kazi hiyo kinafaa kabisa. Kwa mfano, Prado hiyohiyo ya 250 yenye injini ya petroli ya lita 2.7 ilipata kilomita 7.5 kwa lita kwenye kipimo hichohicho. Kwa hiyo, Mama Asali, karatasi hiyo imekwishakujibu swali moja muhimu, kwamba dizeli itakula karibu theluthi moja pungufu ya petroli kwa mwendo uleule.

Ukisoma namba za mitandaoni, kuwa mwangalifu na maili kwa galoni. Galoni ya Uingereza ni lita 4.546 na ya Marekani ni lita 3.785. Maili 20 kwa galoni ya Uingereza ni kilomita 7.1 kwa lita, na maili 20 kwa galoni ya Marekani ni kilomita 8.5 kwa lita. Aidha, toleo hili la 250 huuzwa Marekani kwa jina la Land Cruiser, nalo lina injini ya petroli ya lita 2.4 yenye turbo na mota ya umeme, hivyo maili 23 kwa galoni zinazotajwa kule, ambazo ni kama kilomita 9.8 kwa lita, hazihusu gari lako kwa namna yoyote.

Sasa nije kwenye swali la nini kinachobadilisha namba kuliko vingine. Kwenye lami ni kasi. Nguvu ya upepo unaolizuia gari huongezeka kwa mraba wa kasi, maana yake ukitoka kilomita 80 hadi 110 kwa saa, upepo unakuzuia karibu mara mbili ya mwanzo, na Prado hii mpya ina uso wa mraba uliosimama kama ukuta. Mzigo wako kwenye lami tambarare hauna athari kubwa kama watu wanavyodhani. Nimefanya hesabu ya mlima kwa ajili ya sisi tunaoishi huku juu: kulipandisha gari la tani 3 kwenda juu mita 500, kama mtu anayetoka ufukweni mwa Tanganyika kuja nyanda za Kasulu, kunahitaji dizeli lita moja na kidogo zaidi ya ile ya mwendo wa kawaida. Katika hiyo, sehemu inayotokana na ndoo zako 15 haifiki robo lita. Na kwenu Tabora ni uwanda tu.

Mzigo unauma kwenye mchanga na tope. Huko tairi inazama, na kila inapozunguka inapanda kilima kidogo ilichokitengeneza yenyewe. Ukinzani wa ardhi laini unaweza kuzidi ule wa lami zaidi ya mara kumi, na ukinzani huo huongezeka kwa kila kilo unayoongeza. Kwa sababu hiyo, kama kuna namna ya kupanga safari ili uwe mtupu kwenye njia mbovu na ubebe mzigo kwenye njia nzuri, utaokoa mafuta mengi kuliko kwa ujanja wowote wa mguu.

Mama Asali, Tabora mjini

Marahaba mwanangu Dereva, na ahsante sana Mwalimu. Hesabu ya mlima imenifurahisha, kwa sababu nilikuwa nimeshaanza kufikiria kupunguza ndoo. Kupanga safari ili niwe mtupu kwenye njia mbovu kwangu haiwezekani, kwa kuwa asali ipo huko huko kwenye njia mbovu.

Ninaongeza swali. Kijana anayetuhudumia anapendekeza kwamba gari likifika tuweke tairi kubwa zaidi, keria ya juu na bampa ya chuma mbele. Je, vitu hivyo vinaingia vipi kwenye hesabu? Na je, namba inayoonyeshwa na dashibodi ya gari inatosha, au nami niwe na daftari?

Fundi wa Urambo

Mama Asali, daftari ni lazima. Dashibodi hukadiria kutokana na muda ambao nozeli zimefunguka, na magari mengi niliyoyapima yalijipendelea kidogo. Kipimo cha kweli ni cha tangi kujaa hadi tangi kujaa. Jaza mpaka bomba lijikate lenyewe mara ya kwanza, usiongeze kwa kubembeleza, kisha rudisha kipimo cha safari kwenye sifuri. Endesha, urudi kwenye sheli ileile na bomba lilelile ikiwezekana, ujaze mpaka lijikate, na ugawanye kilomita kwa lita zilizoingia. Tangi moja halitoshi kutoa hukumu. Fanya hivyo kwa matangi matano, na usihesabu sana yale ya kilomita 1,500 za mwanzo, kwa kuwa injini mpya bado inajizoesha.

Kuhusu tairi, kuna mtego ambao umewapotosha wateja wangu wengi. Tuseme gari lako linakuja na tairi za 265/65R18, ambazo urefu wake kutoka juu hadi chini ni milimita 802. Ukiweka 265/70R18 urefu unakuwa milimita 828, yaani asilimia 3.3 zaidi. Gari halijui kwamba umebadilisha tairi. Ukienda kilomita 400 za kweli, lenyewe litaandika 387. Utagawanya 387 kwa lita ulizojaza, utaona gari limeanza kula, nawe utakuja kwangu kunilaumu, wakati sehemu ya kosa ipo kwenye kuhesabu. Sehemu nyingine ni kweli, kwa sababu tairi kubwa yenye meno makali ni nzito na inaburuza. Kwa kazi yako mimi ningebaki na ukubwa wa kiwandani na kuchagua meno ya wastani.

Keria iweke siku unayoihitaji na uiondoe siku usiyoihitaji. Kuna mteja wangu mmoja aliyekaa na keria tupu mwaka mzima, na tulipoishusha tuliona tofauti ya karibu lita moja kwa kila kilomita 100 za lami. Bampa ya chuma mimi siipendi, kwa sababu inaongeza uzito mbele na mnyama wako mkubwa huko njiani ni ng'ombe, ambaye dawa yake ni kupunguza mwendo. Uzito huo pia unatoka kwenye kiasi ambacho gari linaruhusiwa kubeba. Tafadhali soma kibandiko cha uzito kabla ya kupakia ndoo 15 na watu watatu, kwani Prado si lori.

Nina jambo ambalo hakuna aliyeligusa. Prado za dizeli zinazotengenezwa kwa soko la Japani zina mfumo wa kusafisha moshi unaotumia maji ya AdBlue, ambayo ni urea asilimia 32.5 na yaliyobaki ni maji safi. Yana tangi lake peke yake, na yakiisha gari halitakubali kuwashwa tena baada ya kuzimwa. Usikubali mtu akuambie uweke maji ya kawaida, au uchanganye mbolea ya urea ya dukani, kwa kuwa mfumo huo ukiharibika ni ghali sana. Nunua madumu ya kutosha unapokuwa mjini na uyaweke mbali na jua. Yaandike kwenye bajeti kama mafuta ya pili, ingawa kiasi chake ni kidogo. Gari hilo pia lina chujio la masizi kwenye bomba la moshi, ambalo hujisafisha lenyewe kwa kuchoma dizeli ya ziada. Mtu anayezunguka sokoni tu kwa safari za kilomita 3 au 4 huliona likila zaidi kwa sababu hiyo. Wewe mwenye safari ndefu hutasumbuka sana.

Mwisho, dizeli yenyewe. Usinunue kwenye madumu ya barabarani, hata kama umebaki na robo tangi. Mafuta yaliyochakachuliwa kwa mafuta ya taa hayana nguvu ile, na injini hizi za nozeli zenye shinikizo kubwa hazina uvumilivu wa 1HZ yako. Nimewahi kumwaga chujio la dizeli la gari lililokuja hapa linakohoa, na nusu ya kikombe ilikuwa maji matupu.

Mhasibu, Kigoma Ujiji

Ndugu zangu, ninaheshimu daftari la Dereva, lakini kwenye namba yake ya 6 kwa mwezi mzima wa mvua sikubaliani naye. Ninasimamia vitabu vya kampuni yenye magari yanayokwenda Uvinza na kuteremka hadi vijiji vya mwambao upande wa Mahale, na kosa hili ninaliona kila mwaka: mtu anachukua safari mbaya kuliko zote na kuifanya kuwa mwezi. Hata wakati wa mvua sehemu kubwa ya kilomita za Mama Asali ni lami, na lami hainyonyi mafuta kwa sababu mvua imenyesha.

Tuchukue kwamba kwa mwezi anakwenda kilomita 1,900. Kiangazi, lami iwe 1,200 kwa kilomita 10.5 kwa lita, ambazo ni lita 114, na vumbi liwe 700 kwa 8.5, ambazo ni lita 82. Jumla ni lita 196. Mwezi wa mvua, lami ibaki na lita zake 114, vumbi gumu liwe kilomita 400 kwa 8, yaani lita 50, na tope liwe kilomita 300 kwa 5, yaani lita 60. Jumla ni lita 224, ambazo kwa wastani ni kilomita 8.5 kwa lita. Angetumia ile 11.0 ya karatasi, angetenga lita 173 tu na kukwama kabla ya mwezi kuisha. Angetumia 6 ya Dereva, angetenga lita 317, na fedha ambayo ingenunua asali ingelala kwenye sanduku la mafuta. Kwa mfanyabiashara hasara hizo mbili zote ni hasara.

Kuna kosa lingine ambalo hata wahasibu hulifanya. Usichukue wastani wa kilomita kwa lita kwa kuzijumlisha na kuzigawanya. Ukienda kilomita 100 kwa 12 na kilomita 100 nyingine kwa 6, wastani wako si 9. Umetumia lita 8.3 na lita 16.7, jumla lita 25 kwa kilomita 200, yaani 8. Njia mbovu ina uzito mkubwa kuliko inavyoonekana kwenye wastani wa juujuu. Ndiyo maana mimi vitabu vyangu vyote ninaviandika kwa lita kwa kilomita 100, kwa sababu hizo unaweza kuzijumlisha bila kudanganyika, mradi umbali uwe sawa.

Tena, makubaliano yenu yaandikeni kwa lita, msiyaandike kwa shilingi. EWURA, mamlaka inayodhibiti bei za mafuta, hutangaza bei kikomo Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, na sisi wa magharibi tunalipa zaidi ya Dar es Salaam kwa kuwa mafuta yetu husafiri mbali kabla ya kufika kwenye bomba. Shilingi zitabadilika bila gari kubadilika, na mkiandika shilingi mtamshuku dereva asiye na kosa.

Tangi la gari hilo ni lita 80. Mimi ningelihesabu kuwa lita 65, na zile 15 nisizitaje mbele ya mtu yeyote.

Dereva wa Malagarasi

Dada Mhasibu, hapo umenishinda kwa haki. Namba yangu ni ya siku za tope, na mimi kazi yangu hunipeleka kwenye tope karibu kila wiki. Mama Asali achukue 8.5 yako kwa mwezi, ila kwa safari moja ya Kitunda atoke na mafuta ya 5, kwa sababu wastani wa mwezi haumsaidii mtu aliyekwama porini usiku.

Mama Asali, Tabora mjini

Ndugu zangu, ni miezi mitano sasa tangu niwasumbue. Gari lilifika, kilomita za kujizoesha zimepita, na sasa nina mwezi mmoja kamili wa mvua kwenye daftari. Nimeona ni wajibu wangu kurudi na namba.

Tangi la kwanza nilienda kilomita 548 kwa lita 60.2, ambazo ni 9.1 kwa lita, nikichanganya lami ya Kaliua na njia za Ulyankulu kabla hazijaharibika. Tangi la pili lilikuwa la Kitunda baada ya mvua ya siku tatu, na nililijaza upya maana nilikuwa nimebakiwa na kidogo: kilomita 402 kwa lita 63.8, yaani 6.3. Kilomita 814 zilizobaki, karibu zote za lami, zilikula lita 80.6, ambazo ni 10.1. Mwezi mzima ni kilomita 1,764 kwa lita 204.6, sawa na 8.6. Dada Mhasibu, nimeisoma namba hiyo mbele ya wadogo zangu na wote wamesaini. Shemeji naye ameomba kuliona daftari.

Lile tangi la Kitunda nililichunguza zaidi. Siku hiyo tulipima asali chini ya mwembe kwa saa tatu na dakika arobaini, kwa sababu wafugaji walikuja wengi na kila ndoo lazima ifunguliwe, ikaguliwe kwa macho na kupimwa. Nilipoinuka kunyoosha mgongo nilisikia injini. Dereva wangu alikuwa amelala ndani, vioo vimefungwa, kiyoyozi kinafanya kazi. Nikakumbuka lori la tumbaku la Dereva wa Malagarasi. Kwa hesabu yake ya lita moja kwa saa, karibu lita 4 zilikwenda pale kwenye usingizi, na bila hizo ningepata 6.7. Sikumfokea. Nilimwonyesha daftari, na sasa ufunguo hukaa kwenye mfuko wa karani mpaka ndoo ya mwisho ipakiwe.

Kuna jambo moja limebaki bila jibu. Siku hiyohiyo tulipunguza upepo wa tairi ili kupita kwenye mchanga kabla ya kijiji, na ulisaidia sana, gari lilipita bila kuchimba. Lakini hatukuwa na pampu, kwa hiyo tulirudi na tairi zilezile laini mpaka Tabora, zikiwemo kilomita 70 zote za lami kutoka Sikonge. Je, hilo nalo limo kwenye ile 6.3?

Fundi wa Urambo

Limo, mama, na mafuta ndiyo hasara ndogo. Tairi laini yenye mzigo, kwenye lami, kwa mwendo wa 90, hupata moto kwenye mbavu zake na inaweza kupasuka. Nunua pampu ya umeme inayochomekwa kwenye betri, na kipimo chake cha upepo, vikae chini ya kiti siku zote. Ukitoka kwenye mchanga, jaza hapohapo kabla ya kukanyaga lami, kwa kiasi kilichoandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa dereva kwa gari lenye mzigo. Asubuhi inayofuata, tairi zikiwa bado za baridi, pima tena zote nne na ile ya akiba, kisha uikague kila moja kwa mkono upande wa ndani, kwa sababu ufa wa safari ile ya kilomita 70 huanzia huko.